Nani Athibitishe Kuwa Mtu Yuko Tayari?
Mhadhara kuhusu tiba ya uraibu wa unga, Feri, Mombasa

 

Nawashukuru walionialika, na zaidi nawashukuru kwa kukubali ombi langu kwamba tukutane hapa, hatua chache kutoka Feri, badala ya ukumbi wa hoteli. Miongoni mwetu jioni hii wamo watu wanaotumia unga, yaani heroini, na wamo wanaokunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo. Wamekaa kama raia wengine na wana haki ya kunikatiza nikisema jambo wasilolitambua.

Kusudio langu ni moja. Kila familia yenye mtumiaji wa unga, kila kliniki na kila afisa wa serikali huuliza swali lile lile: je, huyu yuko tayari kutibiwa? Nataka kuonyesha kwamba watumiaji wenyewe hulitazama jambo hili kwa jicho jingine kabisa, na kwamba wao ndio wanaoona sawasawa. Kwao, utayari si kitu anachotoka nacho mtu nyumbani akakionyesha mlangoni mwa kliniki kama kitambulisho. Hutokea pale ambapo mtu, saa, nauli, jamaa na mlango ulio wazi vimekutana mahali pamoja. Nina hoja sita, na sitazipa zote muda sawa.

Kwanza niseme kwa nini Feri. Kivuko cha Likoni hukadiriwa kuvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku, na anayevuka kwa miguu halipi. Mahali penye watu wengi hivyo pana riziki ya vipande vipande: kumbebea mzigo mama aliyetoka soko la Marikiti, kuosha matatu, kuita abiria, kuokota chupa na vyuma chakavu, kuomba. Mtu ambaye kila baada ya saa chache lazima apate pesa ya kete, yaani kipakiti cha unga, hawezi kukaa mbali na mahali kama hapo. Sisi tunaovuka kila siku tunawaona, na tumezoea kuwaona hadi hatuwaangalii.

Unga wenyewe si mgeni wa juzi. Uliingia pwani yetu katika miaka ya 1980, na watumiaji wa kwanza waliuvuta, ule wa rangi ya kahawia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaja mweupe, unaoyeyuka kwa urahisi majini, na sindano ikaanza kushika nafasi. Bahari iliyotuletea biashara kwa karne nyingi ndiyo njia yake. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Mzigo wa namna hiyo unapita kwenda masoko ya mbali, na sehemu yake huangukia mitaani kwetu.

Tiba ilikuja polepole kuliko unga. Malindi ilipata kituo cha Omari Project mwaka 1995. Hapa Mombasa, mashirika ya MEWA na Reachout Centre Trust yamebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi. Lakini methadoni, dawa ambayo daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander walichapisha matokeo yake huko New York mwaka 1965, ilifika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011. Ikafika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Malindi Februari 2015. Na Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, mwaka 2017. Hesabuni wenyewe. Kwa takriban miaka 30 kijana wa kisiwa hiki aliyetaka kuacha alikuwa na njia mbili: afungiwe chumbani na jamaa zake ahimili arosto, yale maumivu ya kukosa unga, au apatikane wa kumlipia kituo. Wengi waliohukumiwa kuwa hawakuwa tayari hawakuwahi kuonyeshwa tiba ambayo wangeweza kuikubali au kuikataa.

Hoja ya kwanza: utayari una saa zake.

Mtu aliyezoea heroini huanza kuhisi arosto saa nane hadi kumi na mbili baada ya kutumia. Kamasi na machozi hutoka, tumbo husokota, mifupa huuma, baridi na joto hupokezana, usingizi hukimbia. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Kwa hiyo siku ya mtumiaji imegawanywa kwa saa ambazo sisi wengine hatuzioni. Alfajiri anaamka mgonjwa, na mawazo yake yote yako kwenye pesa ya kete ya kwanza. Akiipata, hutulia. Dakika za mwanzo huenda akasinzia. Kisha hufuata kipindi, huenda saa mbili, huenda tatu, ambapo ana akili yake kamili, mwili haumsumbui, na anaweza kuyatazama maisha yake na kusema anachokitaka. Baada ya hapo wasiwasi wa kete inayofuata huanza kumrudia.

Waulizeni watumiaji ni lini wanapofikiria kuacha. Wengi watawaeleza kipindi hicho. Kazi yangu ya ushauri nasaha imenikalisha na watu wengi waliokizungumzia kwa uwazi wa kushangaza: ukinijia asubuhi nitakwambia lolote ili uniondokee, ukinijia nimelewa nitakubali kila kitu, lakini ukinijia kati ya hapo utanikuta mimi.

Sasa tazameni huduma zetu zinavyokwenda. Mtu anakuja saa tano mchana, ndani ya kipindi chake kile kifupi, anasema nataka kuacha. Anaambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu saa mbili asubuhi yuko kwenye arosto, yuko Feri anatafuta mzigo wa kubeba. Haji. Kwenye daftari panaandikwa kwamba hakuja, na wanaosoma daftari wanaelewa kwamba hakutaka.

Hapa Kenya mtu haingii kliniki ya methadoni moja kwa moja. Hupitia kwanza shirika la kijamii, huketi na mshauri vikao kadhaa, huchunguzwa, kisha ndipo hupelekwa kliniki. Utaratibu huu una sababu zake njema, na wauguzi waliomo humu wanazijua kuliko mimi: dawa ni kali, kipimo cha mwanzo kinahitaji uangalifu, na mgonjwa anapaswa kuelewa anachokiingia. Sipingi uchunguzi wa kitabibu. Ninachokipinga ni kuvifanya vikao hivyo kuwa mtihani wa ukweli wa moyo wa mtu. Anayeweza kuhudhuria vikao vyote kwa wakati huku akiwa bado anatumia unga mara tatu nne kwa siku tayari amefanya kazi ngumu kuliko tutakayomtaka aifanye akishapata dawa.

Hoja ya pili ni ya kihistoria, nayo ilitokea mbele ya macho yetu.

Mwishoni mwa mwaka 2010, kufuatia msako dhidi ya wafanyabiashara, unga uliadimika pwani. Baadhi yenu mnaukumbuka Desemba ule. Maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, zilijaa watu wanaotapika na kuharisha. Bei ilipanda, na kilichopatikana kilikuwa kimechanganywa na vitu visivyojulikana. Wengine waligeukia vidonge, wengine pombe, wengine vyote kwa pamoja, na mwili uliodhoofika haukustahimili mchanganyiko huo. Serikali na mashirika ya misaada walilazimika kuandaa huduma za dharura.

Na watu walikuja. Wale tuliozoea kusema hawataki kuacha walijipanga kutafuta msaada. Huduma hazikutosha hata kidogo.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba dawa ya mtumiaji ni kubanwa: funga unga, atajileta mwenyewe. Watumiaji hawakielezi hivyo, na nawaomba tuwasikilize kwa makini, kwa sababu wanatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya. Liko la kukimbia arosto, na liko la kutaka kuacha. Anayekimbia arosto anahitaji nafuu leo. Akiipata, hana tena kilichomleta. Anayetaka kuacha anaangalia mwaka ujao. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, na mlangoni huwezi kuyatofautisha kwa kumtazama usoni. Njia ya kuyatofautisha ni kumpa kwanza nafuu, kisha kumuuliza. Mwaka 2010 nafuu yenyewe ilikuwa haba, na methadoni haikuwapo nchini kama tiba ya uraibu. Unga uliporudi sokoni, wengi waliokuwa wamejitokeza hawakuwa na mahali pengine pa kurudi isipokuwa huko huko. Msako uliwaleta mlangoni, na nyuma ya mlango hapakuwa na chumba cha kuwapokea.

Hoja ya tatu: watumiaji husema wamechoka, na tunapaswa kulichukua neno lao kama lilivyo.

Wataalamu wana ngazi zao. Mwaka 1983 Wamarekani wawili, James Prochaska na Carlo DiClemente, walieleza hatua ambazo mtu hupitia katika kubadilika: hajawaza, anawaza, anatenda, anadumisha. Ngazi hiyo imetufaa sana katika mafunzo ya ushauri nasaha. Lakini ilijengwa kwa kuchunguza watu waliokuwa wakiacha sigara kwa juhudi zao wenyewe. Watu hao walikuwa na vitanda vya kulala, na hapakuwa na anayewakimbiza. Nimeona washauri vijana wakimpanga mtu wa Feri kwenye ngazi hiyo, na mtu huyo huyo amepanda na kushuka vidato vyote kabla ya adhuhuri.

Imani nyingine iliyoenea, hasa katika vituo vinavyofuata zile hatua kumi na mbili zilizoanza na walevi wa Marekani katika miaka ya 1930, ni kwamba mtu hawi tayari mpaka afike chini kabisa, apoteze kila kitu. Nawaheshimu wanaofuata njia hiyo. Soba hausi za Zanzibar, nyumba za kuachia unga, zilizoanza mwaka 2009 zikiongozwa na watu waliokwisha kuacha wenyewe, zimewarudisha vijana wengi majumbani mwao, na nguvu yao kubwa ni kwamba anayekukaribisha amepita ulikopita wewe. Lakini hili la kusubiri mtu afike chini kabisa ni la hatari kwa anayejidunga. Utafiti wa njia za maambukizi ya Ukimwi nchini uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba asilimia 17 ya maambukizi mapya katika Mkoa wa Pwani yalihusiana na kujidunga. Takwimu zilizofuata zilionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila watano wanaojidunga nchini alikuwa na virusi, wakati kwa watu wazima wote ilikuwa karibu mmoja katika kila kumi na wanane. Ongezeni homa ya ini aina ya C, ongezeni kuzidisha kipimo, ongezeni kipigo cha raia wenye hasira. Huko chini tunakomsubirisha afike, wengi hawatoki hai.

Watumiaji hawazungumzi juu ya kufika chini. Husema: nimechoka. Wamechoka kuamka wagonjwa. Wamechoka kutafuta pesa siku nzima ili jioni wasiwe na kitu mkononi. Wamechoka kukimbizwa, kuitwa mwizi hata siku ambayo hawakuiba, kumzika mwenzao kisha kurudi maskani kukalia gogo alilolikalia. Uchovu huu haungoji mtu apoteze kila kitu. Unaweza kumjia mtu mwenye mke, mwenye kazi bandarini, ambaye jirani hajui kwamba anatumia. Huyo naye amechoka, na hakuna anayemhesabu kuwa yuko tayari kwa sababu hajachakaa vya kutosha machoni petu.

Naona mama mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Mama yangu, najua: umeambiwa nimechoka mara nyingi, na kila mara ukauza kitu. Sikwambii uuze tena. Nakwambia tu kwamba huenda kila mara alikuwa akisema kweli.

Hoja ya nne inahusu hofu, na hapa nahitaji msaada wa masheikh.

Wapo wanaotaka kuacha unga na hawataki methadoni. Tukiwaita wakaidi tutakuwa tumewakosea. Wana maswali, na mengi ni ya haki. Wanauliza kama dawa hii itawafunga maisha yao yote. Wamesikia kwamba inaozesha mifupa na kuua nguvu za kiume. Wamewaona wenzao wakisinzia kwenye matatu ya kurudi kutoka kliniki. Na kubwa kuliko yote, wameambiwa na watu wanaowaheshimu kwamba ni kubadilisha kileo kwa kileo.

Majibu ya kweli yapo, na mtumiaji anastahili kupewa yote, hata yale yasiyopendeza. Methadoni hainyemelei mifupa. Anayeumwa mifupa mara nyingi kipimo chake hakijatosha. Inaweza kufunga choo, kuleta jasho jingi na kupunguza hamu ya ndoa, na muuguzi asiyelisema hilo mapema atasemewa na maskani kwa namna mbaya zaidi. Ukiikatiza ghafla, arosto yake hukaa siku nyingi kuliko ya unga, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo. Kwa upande wa pili, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, hukaa mwilini kutwa kucha, na kipimo kikishapatana na mwili mtu halewi wala haumwi. Anaweza kwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Ama kuhusu dini, mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa. Naeleza tu yaliyofanywa na Waislamu wenzetu. Iran, nchi inayotawaliwa na wanavyuoni, ina wagonjwa wengi sana wa methadoni. Malaysia iliianza katika miaka ya 2000, na Kuala Lumpur, katika msikiti wa Ar-Rahman, methadoni iliunganishwa na malezi ya kiroho ndani ya eneo la msikiti wenyewe kuanzia mwaka 2010. Masheikh wetu wakilikalia suala hili pamoja na madaktari, wakatoa kauli moja, watakuwa wameondoa kizuizi ambacho mimi na washauri wote wa Mombasa hatuwezi kukiondoa. Na Ramadhani inapokaribia, saa za kunywa dawa ziwe miongoni mwa mambo yatakayojadiliwa, ili asiwepo mtu wa kuchagua kati ya saumu yake na tiba yake kwa kukosa wa kumshauri.

Hoja ya tano: utayari unagharimiwa.

Methadoni hutolewa bure. Njia ya kuiendea si bure. Kliniki ilipofunguliwa Kisauni, mtu wa Feri alihitaji nauli ya kuvuka kisiwa chote na daraja, kwenda na kurudi, siku saba kwa wiki, Idi na Krismasi zikiwamo. Mtu huyu ndio kwanza ameacha njia zake za kupata pesa, ambazo nyingine hazikuwa njema. Wakati wa vibarua ni alfajiri, na kliniki nayo ni asubuhi. Akienda kliniki amekosa kibarua, akienda kibarua amekosa dawa. Akikosa dawa siku kadhaa mfululizo hurudishwa kwenye kipimo kidogo kwa usalama wake, arosto inamrudia, na kete iko karibu kuliko Kisauni. Anayetazama kwa mbali anasema, mnaona, hakuwa tayari.

Kuna na mambo mengine madogo yanayogeuka makubwa: kitambulisho kilichopotea, jamaa wa kumsindikiza ambaye haongei naye tangu mwaka juzi, askari anayemkamata njiani akiwa na kadi ya kliniki mfukoni.

Na wanawake. Wanawake wanaotumia unga ni wachache kuliko wanaume na wamejificha zaidi, kwa sababu aibu yao ni mara mbili. Mwanamke akijitokeza anaogopa kunyang'anywa wanawe. Mara nyingi anayemdunga ni mume au rafiki, kwa hiyo kuacha unga ni kumwacha pia anayemlinda usiku. Akipata ujasiri wa kwenda, vitanda vingi vya vituo ni vya wanaume, na foleni ya kliniki imejaa wanaume hao hao anaowakimbia. Tunapompima utayari wake kwa kipimo cha wanaume, lazima atashindwa. Wanaotoa huduma kwa wanawake peke yao, kwa saa zao na mlango wao, wanajua jinsi idadi inavyobadilika.

Hoja ya sita, na ya mwisho: mara nyingi tiba hutangulia, na utayari hufuata.

Dole na Nyswander walianza na wagonjwa 22, watu waliotumia heroini kwa miaka mingi na ambao jamii ya New York ilikuwa imewakatia tamaa. Mwili ulipotulia, wakaanza kuzungumza juu ya shule, kazi na familia. Haya hawakuingia nayo hospitalini. Yaliwajia baada ya dawa kuwapa siku nzima isiyokatwa na arosto. Wanywaji wa methadoni wa hapa kwetu husimulia jambo hilo hilo. Wengi wao wanakiri kwamba walikwenda mara ya kwanza kwa sababu walikuwa hawana pesa ya kete, au mama amelia, au rafiki amewaburuta. Nia ya kuacha waliipata huko ndani, wiki ya tatu, mwezi wa pili, walipogundua kwamba wamelala usiku mzima.

Hili linatupasa tubadilishe tunavyomtazama anayerudia. Mgonjwa wa kisukari akipandwa na sukari hatumwambii aondoke hospitali mpaka athibitishe kwamba anapenda kupona. Tunaangalia kipimo, chakula, maisha yake. Anayerudia unga baada ya miezi sita ya kuacha ana miezi sita ya ujuzi ambao hakuwa nao. Amejua ni saa gani inamshinda na ni nani wa kumwepuka.

Naomba wazazi mlisikilize hili kwa utulivu, kwa sababu linahusu uhai. Mtu aliyekaa kituoni, au gerezani, bila kutumia, mwili wake husahau uwezo wa kubeba unga. Akitoka na kutumia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo, na majuma ya kwanza baada ya kutoka ndiyo ya hatari kubwa. Kumlazimisha kijana aingie kituo bila ridhaa yake, kisha kumrudisha mtaani bila dawa na bila wa kumfuata, ni kumweka kwenye hatari hiyo huku tukijisifu kwamba tumemsaidia. Dawa ya naloksoni huweza kumrudishia pumzi aliyezidisha. Wa kwanza kumfikia mara nyingi ni mwenzake wa maskani. Daktari huja baadaye, kwa hiyo mikononi mwa wenzake ndiko dawa hiyo inakotakiwa.

Mwenyekiti, muda wangu unaisha, na yaliyobaki ni ya mbele.

Mipango ya afya ya kaunti itaandikwa tena, na bajeti itagawanywa tena. Nataka watumiaji na waliokuwa watumiaji wawemo chumbani inapoandikwa, wakiwa na kura, kwa sababu ndani yao mna ujuzi usiopatikana kwa dodoso. Nataka mtu anayekuja na kusema anataka tiba aanze uchunguzi siku hiyo hiyo, na vikao vya ushauri viendelee akiwa tayari amepata nafuu. Askari wa mji huu waelekezwe kwamba kadi ya kliniki ni karatasi ya mgonjwa, na anayekwenda kunywa dawa asikamatwe njiani.

Na kwa Feri nina ombi mahususi. Lisbon hutumia magari yanayozunguka na methadoni hadi vitongoji vilipo wagonjwa, na gari la namna hiyo linaweza kusimama hapa. Naiomba kaunti, kwa kushirikiana na mashirika yanayoifanya kazi hii kila siku, iweke mahali pa kunywea dawa Feri penyewe, pafunguliwe alfajiri kabla vibarua havijaanza, pawe na muuguzi mwanamke na saa za wanawake, na pasifungwe siku za sikukuu. Atakayefika pale kwa mara ya kwanza asiulizwe athibitishe kuwa yuko tayari. Aulizwe jina lake, apimwe, na ahudumiwe.

 Sasa nawaachia nafasi ya maswali, na ninaomba wa kwanza atoke kwa vijana waliochagua viti vya nyuma karibu na mlango.